Hewa Ipo, Njia Imekatika

(Haya ni maneno niliyozungumza na vijana hapa Garissa kwenye darsa la baada ya Alasiri. Ndugu wa jarida waliniomba niyaandike, nami nimeyaacha karibu vile vile nilivyoyasema.)



Himdi zote zinamstahikia Allah (S.W.T.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake. Amma baad.

Ndugu yangu msomaji, nilipoambiwa nizungumze juu ya afya katika Ramadhan, najua wengi walitarajia nini. Sukari, vidonda vya tumbo, na zile sambusa tunazokula kumi kumi kana kwamba kesho hakuna futari. Hayo yamesemwa sana, na wallahi hatujaacha sambusa. Mimi nataka tuzungumze juu ya mguu. Ndiyo, mguu, halafu mapafu, na vipi mtu anaweza kuvuta pumzi kwa nguvu zake zote, hewa ikaingia kifuani, na bado damu yake ikakosa oksijeni. Mimi si daktari. Ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu tu, niliyelelewa na ubao wa dugsi kabla sijaiona darubini. Lakini jambo hili lilinifika nyumbani kwetu, na tangu siku ile nimelisoma na kuwauliza wanaojua.

Ilikuwa Novemba 2023. Eedo wangu, yaani shangazi (naye kwa desturi yetu huniita Eedo vilevile), alijifungua kwa upasuaji hapa mjini, mtoto wa kiume, alhamdulillah. Akarudishwa kwa Ayeyo, upande wa Balambala, akae arobaini yake. Mnajua arobaini ya kwetu. Supu ya mbuzi asubuhi, maziwa, uvumba unafukizwa, na kazi ya mama ni kulala na kunyonyesha. Akitaka maji analetewa. Akitaka kusimama anaambiwa kaa, kidonda hakijapona.

Siku ya 16 shavu la mguu wake wa kushoto likaanza kuuma. Ayeyo akalikanda kwa mafuta ya simsim. Siku ya 19 pumzi ikawa fupi. Alikuwa akisema maneno matatu anapumzika. Mmoja akasema ni joto, mwingine akasema ni upungufu wa damu, na jirani mmoja, Allah amsamehe, akasema ni jicho. Akapelekwa zahanati moja ambayo sitaitaja. Wakamsikiliza kifua, kifua kikawa safi, hakuna mkoromo, hakuna mluzi. Wakampa dawa ya pumu arudi nyumbani. Alfajiri ya pili akaenda chooni, akaanguka.

Mvua za El Niño zilikuwa zimeharibu njia, na gari la kumleta mjini lilisukumwa kwenye tope mara nne. Nilikuwa nimefunga chuo, nikawakuta hospitalini. Akawekewa kile kifaa cha kidoleni, oksimita, ikasoma 86. Mtu mzima wa afya husoma 95 kwenda juu. Moyo wake ulikuwa unapiga 128. Sasa sikiza. Daktari aliyekuja alikuwa kijana, pengine ananizidi miaka mitano. Kila mtu alikuwa akimweleza habari za kifua. Yeye akainua shuka akauliza, "Eedo, ni mguu upi unaouma?"

Hakuna aliyekuwa ameutaja mguu. Alipoipima miguu yote miwili kwa tepe, wa kushoto ulikuwa mnene kuliko wa kulia. Akaamuru oksijeni, na sindano ya heparini hapo hapo kabla ya picha yoyote. Tukaambiwa kipimo cha CT cha mishipa ya mapafu tukakifanye Nairobi. Nairobi gani? Wiki ile barabara ya Madogo ilikuwa chini ya maji, mabasi yamekwama ng'ambo, watu wanavushwa kwa mashua. Wakampiga ultrasaundi ya mguu, wakaliona bonge la damu ndani ya mshipa, wakasema hilo latosha kuendelea na matibabu.

Nikiwa nimesimama pale nilikuwa na swali moja ambalo niliona haya kuliuliza. Kifua ni safi. Hewa inaingia. Mguu ndio wenye bonge. Sasa oksijeni imekwenda wapi?

Jibu lake, ndugu zanguni, linaanzia kwa mtu wetu. Kwa zaidi ya miaka elfu moja matabibu walimfuata Galen, ambaye vitabu vya Kiarabu humwita Jalinus. Alisema damu hupita kutoka upande wa kulia wa moyo kwenda wa kushoto kupitia vitundu visivyoonekana katika ukuta wa katikati. Hata Ibn Sina aliishika rai hiyo. Kisha mwaka 1242, Ibn al-Nafis, mzaliwa wa Damascus aliyefariki Cairo mwaka 1288, akaandika sherehe ya sehemu ya maumbile ya mwili katika Qanun ya Ibn Sina, na akasema waziwazi kwamba ukuta ule ni mzito na hauna tundu. Damu, akasema, hutoka upande wa kulia, ikaenda mapafuni, ikachanganyika na hewa, ndipo ikarudi upande wa kushoto. Ulaya maneno kama hayo yalichapishwa mwaka 1553. Na maandishi ya Ibn al-Nafis yalilala kwenye maktaba huko Berlin hadi daktari mmoja wa Misri, al-Tatawi, alipoyagundua mwaka 1924. Tunapenda kujisifu kwa majina haya kwenye mihadhara, lakini tuliowahi kusoma alichokisema hasa ni wachache, nami nilikuwa sijakisoma.

Basi chukua ramani hiyo ya Ibn al-Nafis. Damu yako yote, kama lita 5 kila dakika ukiwa umetulia, ni lazima ipite mapafuni. Hakuna njia ya mkato. Ndani ya mapafu kuna vifuko vya hewa, mamia ya mamilioni, kila kimoja kimezungukwa na mishipa myembamba kuliko unywele. Hapo ndipo oksijeni huvuka na kuingia kwenye chembe nyekundu. Inahitaji vitu viwili vikutane mahali pamoja: hewa na damu. Kimoja kikikosekana, cha pili hakina faida.

Bonge huanza mguuni au kwenye nyonga. Likikatika hupanda na damu, na safari yake ya juu ni rahisi, kwa sababu mishipa inayorudisha damu moyoni huzidi kupanuka. Linapita ndani ya moyo wenyewe bila kukwama. Halafu linasukumwa mapafuni, na huko mishipa inaanza kugawanyika na kuwa miembamba. Umeona gogo likibebwa na mto Tana wakati wa mafuriko? Mtoni halina shida. Liingie kwenye mfereji wa shamba uone. Hapo linakaa, na mashamba yote yaliyo mbele ya mfereji ule hayapati maji.

Sehemu ya pafu iliyo mbele ya bonge inaendelea kupokea hewa, lakini damu haiji. Ni kama sisi Novemba ile: bidhaa ziko Nairobi, pesa ziko Garissa, katikati maji. Ndiyo maana daktari akiweka kifaa chake cha kusikiliza anasikia hewa ikiingia vizuri, na anaweza kudanganyika.

Lakini ngoja, maana hapa ndipo mimi mwenyewe nilipokuwa nimekosea. Nilidhani oksijeni inashuka kwa sababu sehemu ile imekufa, basi. Mwalimu wangu akaniuliza: kama damu haifiki sehemu ile, na damu iliyobaki inapita sehemu nzima zenye hewa, kwa nini basi damu inayotoka iwe na upungufu? Nikanyamaza.

Fikiria Suuq Mugdi asubuhi ya kuamkia Idi. Chukua kwamba kuna vichochoro vitatu vya wauzaji, na viwili vimezibwa. Wauzaji wa ndani ya vile viwili wamekaa na mizigo yao, hakuna mteja. Wateja wote, na hawajapungua hata mmoja, wanamiminika kichochoro cha tatu. Mzigo wa kichochoro kile ni ule ule wa kila siku. Basi kila mteja anaondoka na nusu kikapu. Hivyo ndivyo damu inavyofanyika. Lita zile zile zinasukumwa kwenye sehemu iliyobaki wazi, damu inakuwa nyingi kuliko hewa iliyopo pale, nayo inapita mbio, pengine hata chembe haina muda wa kuchukua haki yake.

Na si hilo tu. Bonge lenyewe limejaa chembe sahani, zile za kugandisha damu, na hizo hutoa kemikali zinazobana njia ndogo za hewa. Sehemu nyingine za pafu zikikaa muda bila damu husinyaa, vifuko vikajifunga. Na moyo wa upande wa kulia, uliozoea kusukuma bila taabu, sasa unasukuma ukuta. Unavimba na kuchoka, na damu inayofika mwilini inapungua. Mwili nao hauachi kula: viungo vinakamua oksijeni yote vinayoweza kutoka kwenye damu kidogo inayopita, hivyo damu inarudi mapafuni ikiwa tupu kuliko kawaida, inakuta kichochoro kimejaa, inapata nusu kikapu, inatoka. Mzunguko huo ndio unaoua. Wengi wanaokufa kwa ugonjwa huu ni moyo wa kulia uliosalimu amri.

Kuna na jambo moja la ajabu. Ibn al-Nafis alisema kweli, ukuta aliouzungumzia hauna tundu. Lakini juu yake, kati ya vyumba vidogo viwili vya moyo, kila mmoja wetu alikuwa na mlango alipokuwa tumboni mwa mama yake, na kwa karibu mtu 1 katika 4 mlango huo haukufungika kabisa baada ya kuzaliwa. Siku zote hauna madhara. Bonge likiziba mapafu na shinikizo la upande wa kulia likapanda, mlango ule unaweza kusukumwa ukafunguka, na damu isiyo na oksijeni ikavuka moja kwa moja kwenda mwilini. Ndipo oksimita inaposhuka sana na hata hewa ya mtungi haiinui namba vizuri.

Sasa neno la tahadhari juu ya oksimita hiyo. Tangu korona ilipoingia Kenya Machi 2020 watu wengi wamezijua, wengine wanazo nyumbani. Korona yenyewe iligandisha damu mapafuni mwa wagonjwa wengi. Lakini usije ukasema, "nimepima, 97, sina bonge." Bonge dogo kwenye mapafu yenye nguvu huenda lisishushe namba kabisa, hasa kwa kijana. Namba ikiwa chini, kimbia. Namba ikiwa nzuri na mguu mmoja umevimba na pumzi ni fupi, kimbia vilevile. Dalili nyingine ni maumivu ya kifua yanayochoma ukivuta pumzi ndani, moyo kwenda mbio bila sababu, kukohoa damu, kuzimia ghafla. Na wengi hawana hata dalili moja mguuni, kwa hivyo usingoje mguu ukupe ruhusa.

Kwa nini Eedo? Mwili wa mama mjamzito huifanya damu yake iwe nyepesi kuganda, na hiyo ni rehma, asije akatoka damu akafa wakati wa kuzaa. Lakini hali hiyo haiondoki siku ya kuzaa. Hatari ya bonge huwa kubwa zaidi katika wiki 6 za kwanza baada ya kujifungua. Hesabu: wiki 6 ni siku 42. Yaani ni arobaini yetu, na siku mbili juu. Ongeza upasuaji, ongeza kulala siku nzima na miguu haiendi. Misuli ya shavu la mguu ndiyo pampu inayopandisha damu juu, na pampu isiyofanya kazi huacha damu imetuama.

Msinielewe vibaya. Sikuja hapa kuivunja arobaini. Mama kupumzishwa, kulishwa na kutunzwa ni jambo zuri mno, na wako wanawake wa nchi tajiri wanaolitamani. Lakini hakuna aliyesema mama asitembee ndani ya nyumba. Na asikandwe mguu unaouma upande mmoja mpaka uonekane hospitali, maana kukanda kunaweza kulisukuma bonge. Tena tusidhani haya ni ya maskini wa vijijini tu. Serena Williams, yule mcheza tenisi, alijifungua kwa upasuaji Septemba 2017. Siku ya pili pumzi ikamkata. Yeye alishaugua mabonge ya mapafu mwaka 2011, akajua. Akawaambia anataka kipimo cha CT na heparini, nesi akadhani dawa za maumivu zimemchanganya. Wakaanza kumpima miguu, hawakuona kitu. Ndipo wakafanya CT wakayakuta mapafuni. Mwanamke tajiri, Marekani, naye ilimbidi abishane.

Na sisi wasafiri je? Mandera mpaka Nairobi ni zaidi ya kilomita 1,000, magoti kifuani, mzigo miguuni, na watu hawanywi maji ili wasisumbue dereva asimamishe. London mwaka 1940, watu walipokuwa wakikesha kwenye viti ndani ya mahandaki wakikimbia mabomu, daktari Keith Simpson aliandika juu ya watu waliokuwa wakifa ghafla kwa mabonge ya mapafu baada ya kukaa hivyo. Kiti ni kiti. Sisi watu wa huku tumelalamika sana kushushwa kwenye vizuizi kuonyesha vitambulisho, na malalamiko yetu ni ya haki, lakini siku hizi nikishushwa natembea mbele na nyuma kama askari wa gwaride. Na mliozoea majlisi ya miraa kuanzia Alasiri hadi usiku wa manane, sisemi chochote juu ya miraa leo, nasema tu inukeni.

Nirudi kwa Eedo. Alilazwa siku 11. Heparini haiyeyushi bonge. Inalizuia lisikue, na mwili wenyewe unaliyeyusha polepole. Dawa za kuyeyusha kabisa zipo, lakini ni kwa yule ambaye moyo wake umeshindwa, kwa sababu zinaweza kusababisha kutoka damu kwingi. Alipotoka akapewa vidonge vya wafarini vya miezi 6, na kipimo cha damu mara kwa mara kuangalia isiwe nzito wala nyepesi kupita kiasi. Akaambiwa anaweza kuendelea kunyonyesha.

Kisha Ramadhan ikaingia, Machi 2024, na Eedo akataka kufunga. Hapo palikuwa na vuta nikuvute. Ruhusa ya mgonjwa na msafiri iko katika Suratul Baqarah, kila mtoto wa dugsi anaijua, lakini mtu akiwa mgonjwa kweli ndipo anapoona uzito wa kuitumia. Eedo alilia. Alisema ataonekana anakula mchana. Tulimpeleka kwa sheikh na kwa daktari, kwa wote wawili, na nakushauri nawe ufanye hivyo hivyo. Daktari akasema wafarini ni kidonge kimoja cha jioni, saumu yenyewe haikigusi, lakini mama anayenyonyesha kwenye joto la Garissa akikaukiwa maji ni hatari nyingine. Sheikh akasema kula, utalipa. Dawa nyingine za aina hii humezwa mara mbili kwa siku, nyingine lazima ziandamane na chakula, na sindano isiyo ya lishe wanazuoni wengi wanasema haifunguzi. Kwa hivyo mara nyingi dawa na saumu vinapatana. Kisichopatana ni kuiacha dawa kimya kimya mwezi mzima bila kumwambia mtu. Na mwambie daktari kila unachotumia, hata aspirini, hata habbasoda na kitunguu saumu cha kunywa kama dawa, maana viko vinavyoongeza nguvu ya wafarini ukatokwa na damu.

Eedo amemaliza dawa. Siku zake alizokula amezilipa zote, za mwisho alizilipa Rajab, na mtoto wake sasa anakimbiza mbuzi. Bado akipanda kilima kidogo anasimama kidogo, kisha anaendelea.

Ayeyo naye hajaacha mafuta yake ya simsim. Mwezi uliopita binti wa jirani alijifungua, akaenda kumzuru na chupa yake kama kawaida. Binti akamwambia, "Ayeyo, mguu unaniuma." Ayeyo akaiweka chupa chini, akainua shuka, akamuuliza, "Upi?"

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.